Kama Wamarekani walikimbilia sinema kusahau njaa ya miaka ya 1930, mbona studio zao zilifilisika?

Kipanga wa Ufukweni (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna kauli naisikia kila tukianza kujadili biashara ya filamu: eti burudani haiguswi na uchumi mbaya. Na mfano unaotolewa ni uleule, Hollywood wakati wa Mdororo Mkuu. Soko la hisa la New York likaanguka Oktoba 1929, watu wakakosa kazi, wakawa wanajazana kwenye sinema kusahau shida, studio zikavuna.

Kauli hii imenikaa kichwani wiki nzima, maana nikiangalia hesabu za wakati ule naona kitu kingine kabisa. Studio ya Paramount ilipata faida ya kama dola milioni 18 mwaka 1930. Mwaka uliofuata ikashuka hadi kama milioni 6. Januari 1933 ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. RKO yakaikuta hayohayo mwezi huohuo. Warner Bros. ilipoteza kama milioni 14 kwa mwaka 1932 peke yake. Kule Fox, mwanzilishi wake William Fox alishang'olewa kwenye usukani tangu 1930.

Sasa hao ndio waliovuna? Naomba wenye kuijua historia hii wanisaidie: watu walijaa au hawakujaa? Na kama walijaa, hela ilienda wapi?

Nyuki wa Asubuhi

Nimeshika siti ya mbele. Waje wajuzi.

Mtu wa Hesabu

Walijaa, kisha wakapungua, kisha wakarudi. Tatizo watu wanaichukua miaka kumi na kuifanya siku moja.

Mwaka 1930 filamu za sauti zilikuwa bado mpya masikioni. The Jazz Singer ya mwimbaji Al Jolson, iliyoanzisha wimbi hilo, ilitoka Oktoba 1927, na kumbi nyingi za miji midogo zilifungiwa spika 1929 na 1930. Kwa hiyo anguko la hisa lilikuta watu ndio kwanza wanashangaa picha inaongea. Watazamaji milioni 110 kwa wiki mwaka 1930, katika nchi ya watu milioni 123! Kufika 1933 walikuwa kama milioni 60. Mdororo ulichelewa kufika Hollywood, lakini ulifika.

Mzee wa Projekta

Mtu wa Hesabu, nakuheshimu, ila hiyo 110 usiitembeze kifua mbele. Wengine wanaandika 80, wengine 90. Hakuna aliyekuwa anahesabu vichwa kwenye milango ya nchi nzima. Yalikuwa makadirio, na waliokadiria wengi walikuwa watu wa biashara yenyewe. Tukubaliane kwamba karibu theluthi moja ya watazamaji walipotea, tusonge mbele.

Mleta mada, jibu la swali lako liko kwenye majengo. Marehemu baba yangu aliendesha projekta Tanga miaka mingi, na mimi nimekulia kwenye chumba kile cha joto nikimkabidhi reli za filamu. Alikuwa akiniambia ukumbi una mdomo: unakula umeme, unakula ukarabati, unakula mishahara, watu waje wasije. Miaka ya 1920 studio za Marekani zilikimbilia kununua kumbi kama watu wanaogombea viwanja. Paramount ilikuwa na zaidi ya kumbi 1,000. Nyingi haikuzilipia taslimu. Iliwapa wenye kumbi hisa zake, ikaahidi kuzinunua tena baadaye kwa bei iliyopangwa mapema. Hisa zilipoporomoka sokoni, ahadi ilibaki palepale. Unadaiwa bei ya 1929 kwa karatasi yenye thamani ya 1932.

Juu ya hapo weka gharama za sauti. Kila ukumbi ufungiwe mitambo, kila studio ijenge vyumba visivyopitisha kelele, na yote kwa mikopo. Kwa hiyo filamu zenyewe hazikuwa tatizo. Zilikuwa zinalipa, ila zilikuwa zinalipia madeni ya matofali.

Angalia MGM. Kampuni mama yake, Loew's, ilikuwa na kumbi chache sana ukilinganisha na Paramount, nyingi ziko New York na jirani zake. Ndiyo studio kubwa ambayo haikupata hasara hata mwaka mmoja wa kipindi kile. Faida yake ilishuka kutoka kama milioni 15 mwaka 1930 hadi kama milioni 4 mwaka 1933, lakini ilibaki faida.

Binti Chuda

Mzee wa Projekta, shikamoo. Watoto wa Tanga tunajuana.

Ila sikubali kwamba ni matofali tu. MGM ilikuwa na nyota kama Greta Garbo, na Clark Gable, na Joan Crawford, na Irving Thalberg wa kusimamia filamu. Ungewapa hao kumbi 1,000 wangezijaza. Na Paramount yenyewe iliokolewa na nani? Mae West! Mwanamke anakaribia miaka 40, anaandika maneno yake mwenyewe, filamu imegharimu kama dola 200,000 ikaingiza zaidi ya milioni 2. Hayo hayakufanywa na jengo.

Kipanga wa Ufukweni

Binti Chuda, tarehe zinakukataa kidogo. She Done Him Wrong iliingia kumbini mwanzoni mwa 1933, wakati Paramount imeshawekwa chini ya wasimamizi. Tuseme alimkuta mgonjwa kitandani akampa uji. Kumzuia asiugue hakuweza. Na Paramount haikutoka kwenye ufilisi mpaka 1935.

King Kong ni vivyo hivyo. RKO iko mikononi mwa wasimamizi tangu Januari, filamu inafunguliwa New York tarehe 2 Machi 1933 kwenye kumbi mbili kubwa kwa wakati mmoja, siku nne inaingiza karibu dola 90,000. Siku hizohizo benki za nchi nzima zilikuwa zinafunga milango. Rais Roosevelt aliapishwa tarehe 4, na tarehe 6 akaziamuru benki zote zisimame. Watu hawana hata njia ya kutoa hela zao, lakini wamepanga foleni kumwangalia sokwe juu ya jengo refu kuliko yote duniani. Hapo nakiri hata mimi nadharia yangu inayumba.

Binti Chuda

Uji nao ni tiba, mkuu.

Dereva wa Usiku

Mimi niko Ohio. Niliwahi kufanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, na mmoja wao alinifundisha kitu ambacho sijakiona humu bado.

Alikuwa bibi wa miaka 87 wakati ule, 2011. Kwenye kabati lake alikuwa na bakuli la mchuzi, lile lenye mdomo kama wa bata, jeupe, lina maua ya waridi yaliyofifia upande mmoja kwa kuoshwa. Nilikuwa nalifuta vumbi kila Jumanne. Siku moja nikamuuliza, akaniambia hilo ni la sinema. Mama yake alikuwa anakwenda kila wiki, usiku uleule, kwa sababu ukikata tiketi unapewa chombo kimoja: leo sahani, wiki ijayo kikombe, wiki nyingine kisosi. Ukikosa wiki moja seti yako ina pengo. Mama yake hakujali filamu gani inaonyeshwa. Aliniambia gizani ulikuwa unasikia paa! mtu amesimama amesahau sahani iko mapajani, na ukumbi mzima unacheka.

Baba yao hakuwa na kazi karibu miaka miwili. Vyombo vile ndivyo vilivyokuja kuwa vya sikukuu nyumbani kwao.

Kwa hiyo mleta mada ukiuliza kama watu walikuja kusahau njaa, yule mama alikuja kutafuta sahani.

Mama Wawili

Dereva wa Usiku, umenitoa machozi asubuhi hii. Asante.

Mtu wa Hesabu

Nakazia la Dereva. Mbinu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na bahati nasibu ya ukumbini: unaandika jina kwenye daftari, usiku wa kuchezesha jina likiitwa lazima ufike mbele ndani ya dakika chache, vinginevyo zawadi inasogezwa wiki ijayo. Aliyeisambaza ni meneja mmoja wa kumbi za Fox kule Colorado, Charles Yaeger, na ikaenea kumbi maelfu. Halafu filamu mbili kwa tiketi moja. Hii ndiyo iliyozaa zile filamu fupifupi za bei rahisi, maana ukumbi unahitaji kitu cha kujazia. Studio ndogo zilipata pumzi hapo. Na bei ya tiketi yenyewe ilishushwa, mtoto anaingia kwa senti 10.

Pamoja na hayo yote, kumbi zilizokuwa kama 23,000 mwaka 1930 zilibaki kama 15,000 hivi katikati ya muongo. Nyingi zilikuwa ndogo zilizoshindwa kununua mitambo ya sauti, zikafa kimyakimya.

Kijukuu cha Fundi

Mmesahau bisi! Hiyo ndiyo nadharia yangu na siiachi. Zamani kumbi za kifahari zilikuwa hazitaki bisi hata kuzisikia, zinachafua zulia na zinapiga kelele. Wauzaji walikuwa wanasimama nje na mikokoteni. Mdororo ulipokuja, wenye kumbi wakaona pakiti ya senti 5 au 10 inanunuliwa na mtu ambaye hana hela ya kitu kingine chochote, na mahindi yenyewe ni rahisi kupindukia. Wakaingiza mashine ndani. Kule Kansas City kuna mama aliyeitwa Julia Braden, aliomba kibanda ndani ya ukumbi mmoja, akaishia kuwa na vibanda kadhaa akiwa tajiri wa bisi wakati matajiri wa hisa wanalia.

Na filamu ya sauti ilisaidia pia: picha ikiongea, kelele za kutafuna hazisikiki sana.

Mzee wa Projekta

Kijukuu, bisi ziliokoa wenye kumbi wadogo. Studio zenye kumbi zao kubwa zilichelewa sana kuzikubali, ziliona ni aibu. Sasa bisi ziliiokoaje Paramount iliyokuwa inazikataa? Na hiyo ya kelele, baba yangu angekupinga. Alisema bisi zinasikika mpaka chumba cha projekta.

Kijukuu cha Fundi

Baba yako alikuwa na masikio ya popo, mzee wangu. Siiachi hoja yangu.

Nyuki wa Asubuhi

Mimi nawaza kitu rahisi zaidi. Mtu asiye na kazi mchana anakwenda wapi? Sinema za kule zilikuwa zinaonyesha mfululizo, ukiingia hakuna wa kukutoa. Majira ya baridi ndani kuna joto. Majira ya joto ndani kuna ubaridi: Balaban na Katz wa Chicago walikuwa wanapoza hewa ya kumbi zao tangu 1917, na Barney Balaban huyohuyo ndiye aliyekuja kupewa urais wa Paramount 1936. Lile joto kali la 1934 na 1936, watu wanalala juu ya mapaa na kwenye bustani, nyumbani hakuna hata feni. Kwa senti 25 unapata saa nne za ubaridi. Huyo hakuja kusahau chochote. Amekuja kupumua.

Kipanga wa Ufukweni

Nyuki, ulisema umeshika siti tu, kumbe ulikuwa unanoa. Hili sikuwahi kulifikiria.

Mhasibu Mstaafu

Nyote mnaongelea mlangoni. Mimi nataka kuongelea waliokuwa ndani ya studio, maana hela iliyookoa studio ilitoka mifukoni mwao.

Machi 1933, benki zimefungwa, wakubwa wa studio wakatangaza mishahara ikatwe nusu kwa wiki nane. Kule MGM inasimuliwa kwamba mkuu wa studio, Louis B. Mayer, aliwakusanya watu wake, akaingia hajanyoa ndevu, macho mekundu, akashindwa kuongea kwa kilio. Mwigizaji Lionel Barrymore akasimama kumuunga mkono. Watu wakakubali. Na MGM ndiyo ile mliyosema haikupata hasara hata mwaka mmoja!

Hili linanigusa. Wakati wa korona kampuni niliyokuwa naitumikia ilitukata asilimia 40. Tukaitwa kwenye kikao, bosi akaongea kwa uchungu, tukasaini karatasi ya kukubali kwa hiari. Ahadi ilikuwa miezi mitatu. Nilirudishiwa mshahara kamili baada ya mwaka na miezi miwili, na zile za katikati hadi leo sijaziona. Kwa hiyo nikisoma habari za kilio cha Mayer naijua sauti yake.

Mtu wa Hesabu

Pole, Mhasibu. Nyongeza kwa ajili ya usahihi: ule mpango wa nusu kwa kila mtu haukupita ulivyo. Chama cha mafundi wa majukwaa kilikataa katakata, na tarehe 13 Machi studio zikasimama kwa siku nzima. Baada ya hapo ukapangwa kwa ngazi: wa chini ya dola 50 kwa wiki hakuguswa, wa juu yake kidogo akakatwa robo, ikipanda mpaka nusu kwa wenye mishahara mikubwa. Mafundi walikuwa na chama. Waandishi na waigizaji hawakuwa nacho cha maana, wakakatwa.

Ndiyo maana mwaka huohuo waandishi wakaunda chama chao upya mwezi Aprili, na waigizaji wakaanzisha chao katikati ya mwaka. Boris Karloff, yule wa filamu za kutisha, alikuwa mmoja wa waanzilishi.

Mhasibu Mstaafu

Nashukuru kwa sahihisho, napokea. Na ulipofika wakati wa kurudisha mishahara, Warner waligoma kufuata tarehe iliyopangwa. Darryl Zanuck, aliyekuwa anasimamia utengenezaji wao wa filamu, alikuwa amewaahidi watu itarudi. Akajiuzulu Aprili hiyo, akaenda kuanzisha Twentieth Century na Joseph Schenck. Miaka miwili baadaye, 1935, kampuni hiyo changa ikaungana na Fox iliyokuwa hoi.

Na msisahau 1934. Mwandishi Upton Sinclair aligombea ugavana wa California kwa kauli ya kumaliza umaskini. Studio zikawakata wafanyakazi mshahara wa siku moja kumchangia mpinzani wake, Frank Merriam, na MGM ikatengeneza filamu za habari za uongo zikaonyeshwa kwenye kumbi za jimbo zima. Merriam akashinda.

Mama Wawili

Naomba niulize. Watu weusi wa Marekani walikuwa wapi kwenye hizi hesabu zote?

Dereva wa Usiku

Kusini walikuwa wanapandishwa ghorofani kwa ngazi ya nje, au wana kumbi zao wenyewe. Na walikuwa na watengenezaji wao. Oscar Micheaux alifilisika 1928, kabla hata ya anguko la hisa, akasimama tena kwa mtaji wa wenye kumbi za Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, na 1931 akatoa The Exile, filamu ndefu ya kwanza ya sauti kutoka kwa mtengenezaji mweusi. Alikuwa anazungusha filamu zake mwenyewe mji kwa mji. Hakuna Roosevelt aliyemwokoa huyo.

Mkamba wa Pwani

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mnajua Mdororo Mkuu ulipita hapa kwetu kwa mlango wa Hollywood?

Mwaka 1929 MGM ilituma msafara kupiga filamu ya Trader Horn, chini ya mwongozaji W. S. Van Dyke. Wakazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Congo ya Wabelgiji. Maporomoko ya Murchison yamo. Wakati wako porini, soko la hisa likaanguka nyuma yao. Walirudi na picha nyingi kuliko walizoweza kutumia, na mwigizaji wao Edwina Booth akiwa ameugua vibaya. Mutia Omoolu, Mkenya aliyecheza mbeba bunduki, alipelekwa hadi Hollywood kumalizia sehemu zilizobaki.

Filamu ikatoka 1931, ikaingiza hela nyingi. Na zile picha za ziada hawakuzitupa. Wakazichomeka kwenye Tarzan the Ape Man ya 1932. Tembo wetu, mito yetu, watu wetu, vyote vikatumika mara mbili kwa gharama ya mara moja, katika mwaka ambao wenzao walikuwa wanazama. Kwa hiyo mkitaja kumbi chache na Garbo na mishahara iliyokatwa, mtaje na hilo.

Binti Chuda

Mkamba wa Pwani, hii ingepaswa kuwa uzi wake.

Mzee wa Projekta

Weka uzi, nitakuja. Mutia alilipwa kiasi gani? Hilo ndilo ningependa kulijua.

Mtu wa Hesabu

Narudi kwa mleta mada. Kuna serikali pia. Tarehe 27 Novemba 1933 Roosevelt alisaini kanuni za ushindani wa biashara ya filamu, na zile tabia za studio kubwa, kama kumlazimisha mwenye ukumbi anunue filamu zote kwa mkupuo ili apate ile moja anayoitaka, zikapata kivuli cha sheria. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizifuta kanuni hizo zote 1935, lakini wakubwa walikuwa wameshavuka mto. Kesi ya kuzitenganisha studio na kumbi ilifunguliwa 1938, hukumu ikaja 1948.

Mzee wa Projekta

Unaona? Tumerudi kwenye kumbi. Matofali.

Kijukuu cha Fundi

Na ndani ya matofali, bisi.

Kipanga wa Ufukweni

Wakuu, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia, na bado jibu moja sina. Jana usiku nimeangalia Gold Diggers of 1933 ya Warner. Inaanza na wasichana wamevaa sarafu wanaimba kwamba wana hela. Kabla wimbo haujaisha, watu wa mahakama wanaingia wanabeba mavazi na mapazia kwa sababu onyesho lina deni. Hiyo ni Warner inajichora yenyewe!

Mwishoni mwigizaji Joan Blondell yuko barabarani usiku. Polisi anataka kumkamata mwanamume aliyelala mlangoni. Yeye anaufunua ukosi wa koti la yule mwanamume, ndani yake kuna nishani ya vita. Polisi anaondoka. Kisha wanakuja askari wanaandamana kwenda vitani, wanarudi wamefungwa bendeji, wanasimama kwenye foleni ya supu. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Julai 1932, jeshi lilikuwa limewafukuza maaskari wastaafu jijini Washington walipokuja kudai posho yao.

Filamu hiyo ilijaza kumbi. Walioitazama walikuwa wamesimama kwenye foleni ya supu asubuhi hiyohiyo. Sasa hapo walikuwa wanasahau nini?

Dereva wa Usiku

Yule bibi wangu aliniambia mama yake alilia kwenye filamu moja tu maisha yake yote, ya wanajeshi kwenye mvua. Hakuikumbuka jina. Nitaitafuta hiyo leo nikitoka kazini, nione kama kuna mvua.